Makaburi Yasiyo na Saruji

Kazi ya kwanza niliyopewa siku nilipoingia kaya nikiwa mtu mzima haikuwa ya tambiko wala ya siri yoyote. Niliambiwa ning'oe mwarobaini.

Ilikuwa Februari, kaskazi imepamba moto, na hata kabla ya saa tatu asubuhi jua lilikuwa linatuchoma visogo. Tulikuwa watu watano: wazee watatu, kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake ilikuwa gereji, na mimi. Nilidhani nimesikia vibaya. Mwarobaini? Mti ambao karibu kila boma hapa Pwani linao uani? Ambao hawe, yaani nyanya yangu, alinichemshia majani yake kila nilipopata homa, hadi leo nikiyanusa tu ulimi unakuwa mchungu? Mzee aliyenitangulia aliuona uso wangu akacheka. "Ndio huo huo," akasema. "Nyumbani ni dawa. Huku ni mgeni asiyejua kuaga."

Alinieleza huku ameinama. Ndege na popo hula matunda ya mwarobaini huko majumbani, kisha huja kulala msituni na kuangusha mbegu. Miche huota upesi popote penye mwanga kidogo, na ukiiacha miaka michache utakuta imeshika nafasi ya miti ambayo hutaipata kwingine. Mwarobaini si mti wa asili wa huku. Uliletwa kutoka Bara Hindi. Basi kila kaskazi, wakati mashamba hayana kazi na watu wanangojea masika, wazee huingia na majembe na panga, waking'oa miche mmoja mmoja. Wakimaliza hapo wanafyeka ukingo wa msitu, maana huo ndio wakati wakulima wanachoma mashamba, na moto haujui mpaka.

Hawalipwi. Kila mtu huja na maji yake na kiporo chake.

Nilikuwa nimeanza kuzoea, nang'oa kwa mikono miwili, mzee aliponishika bega. "Hapo pita kando." Nikatazama chini, sikuona kitu. Majani makavu, mzizi mnene, jiwe moja limelala. "Hapo kuna mtu," akasema, kisha akaendelea na kazi yake kama aliyeniambia hapo kuna shimo.

Sikufika pale kwa sababu ya kupenda mila. Nilifika kwa sababu ya mteja. Mimi huandika makala za mtandaoni kwa malipo ya kila neno. Ndiyo kazi niliyoangukia baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana. Kuna wiki naandika kuhusu magodoro, wiki nyingine kuhusu bima ya mbwa. Mwaka jana mteja mmoja wa Ulaya alitaka maneno 1,200 kuhusu makaburi ya msituni ya Uingereza. Nikasoma. Nikajua kwamba mwaka 1993, katika mji wa Carlisle kaskazini mwa Uingereza, msimamizi wa makaburi ya mji aitwaye Ken West alifungua sehemu ambayo watu huzikwa bila saruji wala jiwe la kaburi, na juu yao hupandwa miti ya mwaloni. Wazo likaenea. Leo nchi hiyo ina zaidi ya sehemu mia mbili za namna hiyo, na nyingine hutunzwa na wenyeji wanaojitolea. Majira ya joto yakifika wanatoka na mikasi na mafyekeo, wanakata nyasi, wanafungua njia, wanamwagilia miche.

Mteja alitaka nianze makala kwa kusema kwamba hili ni wazo jipya la kisasa. Nikaandika hivyo. Nikalipwa. Usiku huo sikupata usingizi vizuri, kwa sababu kuna mzee mmoja niliyemjua vizuri sana aliyefanya kazi hiyo hiyo kwa miaka karibu thelathini, bila mikasi ya maana, na mimi nilipokuwa mdogo nilimwonea haya mbele ya wenzangu shuleni. Huyo mzee alikuwa tsawe. Babu yangu, mzaa baba.

Hii kaya siitaji jina. Ni moja ya zile ndogo, juu ya kilima upande wa Kaloleni, na wazee wameniomba nisiwaletee wageni. Lakini historia yake ni ile ile ya kaya nyingine, na hiyo naweza kuisimulia.

Wamijikenda ni jamii tisa: Wagiriama, Wachonyi, Wakambe, Wakauma, Wajibana, Waribe, Warabai, Wadigo na Waduruma. Masimulizi ya wazee yanasema tulitoka Shungwaya, huko kaskazini upande wa Somalia, tukateremka Pwani tukikimbia vita, na kila jamii ikajenga mji wake juu ya kilima ndani ya msitu. Mji huo ndio kaya. Wanahistoria hawajakubaliana kuhusu Shungwaya. Thomas Spear, aliyeandika kitabu The Kaya Complex mwaka 1978, aliyachukua masimulizi hayo kwa uzito. Wengine wakaja kumpinga. Mimi sina digrii ya kuamua ugomvi huo. Ninachojua ni kwamba kaya zipo, zimetapakaa kwenye ukanda wa karibu kilomita 200 wa Pwani, na UNESCO inahesabu kwamba zilianza kujengwa tangu karne ya 16.

Enzi hizo msitu haukuwa pambo. Ulikuwa ukuta. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zenye malango, na adui aliyezikosa alikutana na miiba. Katikati palikuwa na uwanja uliofyekwa, nyumba zimeuzunguka kwa koo, na mahali pa kukutania wazee palipoitwa moro. Baraza la wazee hao ni kambi. Na mahali fulani, chini ya ardhi, palizikwa fingo, kinga ya mji mzima, ambayo ni wachache tu waliojua ilipo. Mtu akifa alizikwa humo humo, chini ya miti.

Kisha hatari ikapungua. Katika karne ya 19 watu wakaanza kutoka wakitafuta mashamba mapana na biashara. Wagiriama wakasonga kaskazini hadi wakavuka mto Sabaki. Kufikia miaka ya 1940 karibu kaya zote zilikuwa hazikaliwi tena. Paa zikaoza, kuta zikaanguka, mbambakofi na mvule zikafunga ule uwanja wa katikati. Lakini mji ulipohama, wafu hawakuhama. Fingo nayo haikuhama.

Hapo ndipo kaya ilipobadilika kazi. Iliyokuwa ngome ya walio hai ikabaki kuwa nyumba ya waliotangulia. Wazee hawakulala tena ndani yake, lakini walirudi: kuomba mvua, kutafuta shauri, kuona kama kuna mtu amegusa kitu. Na sheria zikabaki. Usikate mti. Usiokote hata kuni kavu. Usichunge mbuzi. Usipite na viatu mahali fulani, usiinue sauti. Aliyevunja alitozwa kuku au mbuzi, na mnyama huyo alichinjwa kutakasa alipoharibu.

Watu wengi husikia habari hizi wakadhani ni woga wa mizimu tu. Woga ulikuwepo, siwezi kukataa. Lakini tazama ulifanya nini. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walianza kuzunguka misitu ya Pwani wakiorodhesha miti. Kaya nyingi ni ndogo. Kaya Kinondo, kule kusini karibu na Diani, ni kama hekta 30 tu. Walichokuta ni kwamba vipande hivi vidogo vimebeba mimea adimu kuliko mtu alivyotarajia, mingine isiyojulikana kwingine. Nje ya ukingo, msitu wa Pwani ulikuwa umeisha: mashamba, minazi, mkonge, hoteli. Ndani ulikuwepo. Hakuna askari wa misitu aliyeulinda miaka hiyo yote. Ulilindwa kwa sababu chini yake kuna watu, na kwa sababu kuna wazee waliofika kila mara kuangalia.

Waingereza walilielewa hilo mapema, kwa njia yao.

Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilitaka kutoka kwa Wagiriama kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Ofisa aliyetumwa kusimamia jambo hilo aliitwa Arthur Champion. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, akazunguka vijiji akiwaita watu, na pale Kaya Fungo wanawake na wanaume wakala viapo: mukushekushe kwa wanawake, kiapo cha fisi kwa wanaume. Hakuna Mgiriama angemfanyia mzungu kazi. Oktoba mwaka huo Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakarudi Giriama kwa miguu.

Jibu la serikali lilikuja Agosti 1914. Walikwenda Kaya Fungo na baruti, wakalipua malango na miti, wakachoma vibanda. Hebu fikiria. Vita Kuu vinaanza Ulaya, na serikali inatumia baruti yake kwa miti ya mwituni karibu na Kaloleni. Hawakuwa wajinga. Waliona kwamba watu hawa hawana mfalme wa kumfunga, na kwamba kinachowashikanisha ni mahali. Vita vilivyofuata viliwagharimu Wagiriama maisha, nyumba, na faini ya rupia 100,000.

Tsawe alikuwa akisimulia habari hizi kana kwamba ameziona, ingawa alizaliwa baadaye sana. Alichopenda kusisitiza si mlipuko. Ni kwamba mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliporudi kutoka kifungoni mara ya pili, watu waliingia tena kaya. "Waliikuta imeota," alikuwa akisema, na hapo alinyamaza kidogo kwa furaha, kama ni yeye aliyeipanda.

Wizi ulikuja baadaye, na huo haukuhitaji baruti.

Wagiriama wana nguzo iitwayo kigango. Husimamishiwa marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu, watu waliojaliwa mali na heshima. Huchongwa kwa mti mgumu kama muhuhu, ina kichwa, ina shingo, ina mabega, na mwili wake umejaa nakshi za pembetatu. Haiwekwi juu ya kaburi; husimamishwa bomani, roho ya marehemu ipate pa kukaa karibu na wanawe. Ikishasimamishwa haihamishwi. Boma likihama inaachwa pale pale, jua na mvua na mchwa viimalize polepole. Hakuna anayeipaka rangi, hakuna anayeijengea kibanda. Kuoza kwake ni sehemu ya kazi yake.

Kwa jicho la mfanyabiashara wa sanaa, nguzo nzuri iliyoachwa porini ni nguzo isiyo na mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa mamia na kuishia katika majumba ya matajiri na makumbusho ya Marekani. Vijana wa hapa hapa ndio walioving'oa usiku, kwa malipo ya kununulia suruali. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ilipita, kisha mtafiti huyo akaviona tena Marekani, kimoja katika makumbusho ya Illinois State University, kingine Hampton University, Virginia. Vilirudishwa Kenya na kukabidhiwa familia mwaka 2007. Mzee alikuwa ameshafariki. Makumbusho ya Denver nayo iliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, na ni mwaka 2019 tu vilipofika nchini.

Kila ninaposoma habari hizo nafikiria jambo moja. Kigango kilichoibwa kilitunzwa vizuri mno. Kiliwekwa kwenye chumba chenye baridi, mbali na mchwa, kikapewa namba. Hakikuoza hata kidogo. Na hakuna hata mtu mmoja aliyekikaribia kumwambia marehemu kwamba mjukuu wake amezaliwa.

Serikali ya Kenya iliamka miaka ya 1990. Kuanzia 1992 kaya zilianza kutangazwa rasmi kuwa kumbukumbu za taifa, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ikaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani, kikisaidiwa na WWF. Sasa mtu aliyekata mti kaya aliweza kupelekwa kortini. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia. Tulifurahi sana. Nakumbuka tsawe akivaa kanzu yake nzuri kwenda kusikiliza hotuba.

Kitu ambacho hakikusemwa sana hotubani kilikuja mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2009 UNESCO hiyo hiyo iliweka mila za kaya, yaani ule ujuzi wa wazee wenyewe, kwenye orodha nyingine: ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Mwaka mmoja walisifu miti, mwaka uliofuata wakapiga king'ora kuhusu watu wanaoitunza. Naona orodha hiyo ya pili ndiyo iliyosema ukweli. Ubao wa serikali una maandishi mazuri, lakini haung'oi mwarobaini.

Sheria ilimpa mzee nguvu ya kumshtaki mkata miti. Haikumpa viatu, wala nauli ya kwenda kortini, wala mtu wa kumrithi. Na huku shinikizo likaongezeka. Mkaa una bei. Mchanga una bei. Karibu na Kaya Kauma watu wamechimba madini ya chuma. Shule ilitufundisha kwamba mambo ya kaya ni ya zamani, na makanisa mengi yalitufundisha kwamba ni ya shetani. Shangazi yangu mmoja hadi leo hapiti njia inayoelekea kule, anazunguka. Sijui kwa nini dini iwe kizuizi, kwani Wadigo wengi ni Waislamu na Kaya Kinondo wanaitunza vizuri mno. Tangu mwaka 2001 wanapokea wageni, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni, unavua kofia, unaongozwa, na sehemu yenye makaburi hupigi picha.

Lakini kuna jambo zito kuliko mkaa, na itabidi niliseme.

Kwa miaka mingi Kilifi imekuwa ikijulikana kwa mauaji ya wazee. Mtu akiwa na mvi, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na shamba ambalo wanawe au ndugu zake wanalitaka ligawanywe, ananong'onezewa uchawi. Kisha usiku mmoja watu wanakuja na mapanga. Viongozi na polisi wamesema mara nyingi kwamba chanzo ni ardhi. Uchawi ni kisingizio. Kule Ganze, katika Kaya Godoma, kuna hifadhi ya wazee waliookolewa, iliyoanzishwa na chama cha utamaduni cha Malindi. Watu waliokuwa na uwezo wa kuufunga msitu kwa neno moja sasa wanajificha humo.

Sasa fikiria mzee anayetoka nyumbani alfajiri peke yake, kavaa kaniki, anaelekea msituni penye makaburi, anarudi jioni na mikono ina udongo. Kwa kijana wa leo huyo anatoka wapi? Kazi ile ile ya kutunza ndiyo inayomfanya ashukiwe.

Iliwahi kumfikia tsawe. Kulikuwa na ugomvi wa shamba katika ukoo, sitasema zaidi, na jina lake likaanza kutajwa kwenye mangwe, mahali watu wanapokunywa mnazi. Baba alimhamishia kwetu Mtwapa kwa miezi minne. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, tulilala chumba kimoja. Kila asubuhi aliamka saa kumi na moja, akakaa ukingoni mwa kitanda amevaa tayari, kisha akakumbuka kwamba hakuna pa kwenda. Siku moja aliniuliza kama najua kaskazi imeanza. Nilimwambia ndiyo, tsawe, joto si unalisikia? Akasema, "Miche itakuwa imefika magotini." Sikuelewa alichokuwa anasema. Nilidhani uzee.

Alirudi, maneno yakapoa, akaishi miaka mingine sita. Lakini tangu hapo hakuingia msituni peke yake. Alingoja wenzake, na wenzake walikuwa wanapungua.

Tsawe alifariki kwa maradhi, kitandani, na tulimshukuru Mungu kwa hilo. Alikuwa ameomba jambo moja: azikwe kwa sanda na jamvi, bila saruji. Hakuomba kuzikwa kaya. Hilo alijua haliko mikononi mwake, na siku hizi wengi wetu huzikwa bomani. Aliomba ardhi tu.

Wanawe walikaa usiku kucha. Ami yangu mkubwa alisema kaburi la udongo ni aibu, watu watasema tumeshindwa kumzika baba yetu. Mwingine akasema jambo ambalo hadi leo siwezi kulipuuza: bila saruji, mtu akija kudai shamba kesho hakutakuwa na ushahidi kwamba mzee wetu yuko pale. Kenya tumezoea hivyo. Kaburi lililojengwa ni hati ya shamba ya maskini. Basi harambee ikaitishwa, jeneza likanunuliwa, kaburi likajengwa na kufunikwa kwa vigae vyeupe, vile vile vya bafuni. Deni lake lililipwa kwa zaidi ya mwaka. Sisemi ndilo lililomaliza karo yangu, kwa sababu karo ilikuwa na matatizo yake. Nasema tu kwamba vyote vilitoka mfuko mmoja.

Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugu maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Yeye alisikilizwa. Labda ukishapata tuzo ya Nobeli watu hawaogopi tena kwamba utaonekana maskini.

Nimekwenda kuliangalia kaburi la tsawe mara kadhaa. Vigae viwili vimeshapasuka. Hakuna anayelifagia, na simlaumu mtu. Saruji ilinunuliwa ili tusilazimike kurudi. Kaburi la msituni halikupi nafasi hiyo. Usipokwenda kaskazi mbili tatu, mwarobaini umeziba njia, moto umeingia, mtu amekata mvule, na hapo hakuna tena kaburi wala msitu. Nadhani hapo ndipo wale wa Carlisle na wazee wangu wanapokutana bila kujuana. Kaburi lisilo na jiwe ni mkataba na watu watakaokuja. Lisipopata watu, limekwisha.

Sitaki kuipamba kaya. Ina siri nyingi mno, na siri zinapotea wazee wanapokufa bila kusema. Ina sehemu ambazo wanawake hawaruhusiwi kufika, ingawa jina la kaya maarufu zaidi nchini linabebwa na mwanamke. Hata mimi, siku ile ya Februari, nilizuiliwa. Sijala kiapo chochote, na mmoja wa wale wazee watatu hakutaka nivuke mstari fulani wa mawe. Mwenzake akamwambia kwa Kigiriama kwamba akingojea waliokula kiapo, atang'oa peke yake hadi afe. Walibishana kwa dakika kama kumi, kwa heshima, bila kuinua sauti. Mwishowe wakakubaliana kwamba mimi na kijana wa bodaboda tufanye kazi upande wa nje wa mawe, wao waingie ndani. Ikawa hivyo. Huko ndani sikuona, na sitajifanya nimeona.

Jioni tulikalia gogo ukingoni, mikono ikinuka ule uchungu wa utotoni. Rundo la miche lilikuwa limefika kiunoni. Nikauliza kama tsawe aliwahi kusema alipopenda kulala. Wazee wakatazamana. Yule aliyenikatalia asubuhi ndiye aliyenijibu. "Tsawe wako hakuwahi kuuliza swali hilo," akasema. "Aliuliza tu nani ataleta maji kesho."

Kisha akanigeukia. "Kesho unakuja?"

Nilikuwa na makala ya magodoro ya kuwasilisha kabla ya saa sita mchana. Niliiandika usiku, kwa simu, moto wa data ukiwa umebaki kidogo. Asubuhi nilibeba lita kumi za maji.